Mlinzi yuko getini, mwizi yuko gesti!

Wapenzi wasomaji, wiki hii sina habari ya nani kamwacha nani. Nina soo langu mwenyewe. Niliwalaza watu 19 na njaa kwa kidole kimoja tu, tena bila kujua. Kaa kitako nikupe mkanda mzima.

Ilikuwa Ijumaa, Septemba 29, 2023. Nilikuwa Kakola, ule mji wa wachimbaji ulio jirani kabisa na mgodi wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga. Asubuhi nimetoka chumbani na ndoo yangu, nikamkuta mama mwenye gesti anafagia uwanja. "Mwangaluka mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza. Akacheka hadi akaegemea ufagio. Siku ilianza vizuri, jamani.

Saa nne simu ikalia. Ni bosi, yuko Mwanza.

"Dada, wale jamaa wametuingizia hela?"

"Bado bosi, nasubiri hadi sasa."

"Mbona nimeongea nao muda huu, wanasema wamelipa tangu Jumanne?"

Nikafungua akaunti ya kampuni. Patupu. Tulikuwa tunadai shilingi milioni 16, na mshiko huo ndio ulikuwa mishahara ya mafundi wetu 19. Nikawapigia wadaiwa wetu kwa ukali. Dada wa uhasibu wa kule akanijibu kwa upole: "Si ni wewe uliyetuandikia kwamba mmebadili akaunti ya benki?"

Akanitumia ile barua pepe. Niliposoma, magoti yakalegea. Imetoka kwenye anwani yangu. Ina jina langu, ina namba yangu ya simu, hadi lile neno "kazi njema" ninalopenda kumalizia. Mimi sikuandika hata herufi moja.

OFISI NI BANDO

Kabla hujanicheka, elewa kwanza tunavyofanya kazi. Tangu zilipotoka kanuni za mwaka 2018 za kuwataka wenye migodi wawape kipaumbele Watanzania katika bidhaa na huduma, kampuni ndogo ndogo za kizalendo zimepata upenyo wa kusogea karibu na migodi. Huyu anauza viatu vya usalama, yule anapika, mwingine anasafirisha. Yetu inachomelea vyuma, na kazi nyingi tunapewa na wakandarasi wakubwa zaidi yetu.

Sasa ofisi iko wapi? Ukweli ni kwamba haipo, ukiacha kachumba kamoja Mwanza. Bosi yuko Mwanza, mwandika zabuni yuko Dar, fundi wetu wa kompyuta naye yuko Dar, na mimi na laptopu yangu leo Kakola, kesho Kahama, keshokutwa nipo kwa mama nyumbani. Ofisi yetu ni bando. Likiisha, kampuni imefunga.

Halafu tazama upande wa pili. Nenda kwenye geti la mgodi wowote mkubwa uone kazi. Kitambulisho, kupuliza kipimo cha pombe, kupekuliwa mkoba ukiingia na ukitoka. Bulyanhulu ni mgodi wa chini ya ardhi, umezalisha dhahabu tangu 2001. Kwenye migodi ya namna hiyo kuna utaratibu mmoja mtamu: kila anayeshuka anatundika tagi yake ubaoni, na akipanda anaitoa. Hivyo juu wanajua muda wote nani yuko chini. Huzami kwa jina la mtu mwingine.

Lakini hela za kampuni kama yetu hazipiti getini. Zinapita kwenye barua pepe, usiku, kwenye laptopu iliyowekwa juu ya kitanda cha gesti. Mwizi wa siku hizi ana haja gani ya kuruka ukuta wenye waya?

NILIVYOINGIZWA MJINI

Yule fundi wetu wa Dar alichimba hadi akaukuta mzizi. Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilipokea ujumbe wenye kichwa "Ankara iliyosahihishwa" na linki chini yake. Ilikuwa saa tatu usiku, umeme umekatika, laptopu imebaki chaji asilimia tisa, nimejiunga intaneti kwa hotspoti ya simu. Nikabonyeza. Ukafunguka ukurasa kama ule wa barua pepe zetu, rangi ile ile, nembo ile ile. Ukaniomba neno la siri. Nikaweka. Ukaniambia kuna hitilafu, jaribu baadaye. Nikaona mtandao kimeo, nikalala zangu.

Kumbe nimekabidhi funguo. Kwa wiki tatu jamaa alikaa ndani ya barua zangu kimya kabisa, anasoma tu. Akajua nani anatudai, nani tunamdai, lini analipa, naandikaje. Kisha akaweka maagizo humo humo kwamba chochote kitakachotoka kwa yule mdaiwa kijifiche kwenye folda nisiyoifungua. Ndiyo maana waliponijibu "tumepokea, tutalipa akaunti mpya", mimi sikuona kitu. Nilikuwa natumia sanduku moja la barua na mwizi, kila mtu na zamu yake.

Tulikwenda polisi, tulikwenda benki. Sheria ipo, ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Lakini hela ilikuwa imeshatolewa Jumanne ile ile ilipoingia. Mpaka leo haijarudi.

Kilichoniuma zaidi siyo maneno ya bosi. Jumamosi jioni fundi mmoja wa kuchomelea, mtu mzima kuliko mimi, alikuja gesti. Nilijua amekuja na matusi. Akakaa kwenye ngazi, akavua kofia. "Dada, sikulaumu. Ila mwenye nyumba kasema kesho nihame. Nimwambieje?" Nikakosa jibu. Ungekuwa wewe ungemwambia kompyuta imekosea?

SIYO SISI TU

Nilidhani mambo haya ni ya washamba kama mimi. Wapi! Goldcorp, kampuni kubwa ya dhahabu ya Canada, iliingiliwa mwaka 2016. Nyaraka za ndani zikamwagwa hadharani, zikiwemo za mishahara na nakala za pasi za kusafiria za watu. Mwaka 2019 ikawa zamu ya Norsk Hydro ya Norway, wakubwa wa aluminiamu wenye wafanyakazi kama 35,000. Huko mambo yalianza kwa mfanyakazi kufungua kiambatisho kilichotoka kwa mteja anayemwamini. Baada ya miezi, kompyuta zikafungwa na wezi wakidai walipwe. Hydro walikataa, wakarudi kwenye karatasi na kalamu, na hasara ikafika mamilioni ya dola.

Sisi Bongo tunayo mbegu hiyo hiyo kwenye simu. Nani hajawahi kutumiwa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Yaliyonipata mimi ni hayo hayo, ila yamevaa suti na tai.

VPN NA KASHESHE ZAKE

Bosi hakutaka mchezo tena. Akasikia kwamba dawa ni VPN, yaani njia ya siri inayotoka kwenye laptopu yako hadi kompyuta ya ofisini, kisha kila unachofanya kinapitia huko. Tukiwa katikati ya kufunga, Oktoba 13, 2023, TCRA wakatoa tangazo: anayetumia VPN, mtu au kampuni, ajisajili ifikapo Oktoba 30. Kosa lake, kwa kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020, ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mjini kukawa na kelele, vijana wengi walikuwa wanaitumia kuingia kwenye tovuti zilizofungwa. Sisi tukajaza fomu.

Tatizo letu lilikuwa jingine. Nikiwa Kakola nataka kufungua tovuti ya benki, safari yangu inakwenda kwanza Mwanza kwenye ile kompyuta ya ofisini, halafu ndiyo itoke. Ni sawa na kutoka Kakola kwenda Kahama kwa kupitia Dar! Na TANESCO wakikata umeme kule Mwanza, wote tunakaa.

Baya zaidi, VPN kama yetu ilikuwa ufunguo mmoja wa nyumba nzima. Ukishaingia, vyumba vyote ni vyako. Mei 2021 kule Marekani, Colonial Pipeline, wenye bomba kubwa la mafuta, waliingiliwa kupitia akaunti ya zamani ya VPN ambayo hakuna aliyekuwa anaitumia. Neno lake la siri lilikuwa limeshavuja, na hapakuwa na uthibitisho wa pili. Bomba lilisimama kwa siku kadhaa, watu wakapanga foleni za petroli, na kampuni ikalipa karibu dola milioni 4.4. Sehemu ya hela hiyo serikali yao ilikuja kuiokoa.

KLAUDI NDIYO MDUDU GANI?

Mwanzoni mwa 2024 fundi wetu akaja na wazo. "Dada," aliniambia, "ofisi imeshahama geti, lakini sisi bado tunamlipa mlinzi wa getini. Tumtafute mlinzi anayetembea na wewe."

Mlinzi huyo anakaa kwenye klaudi, wengine wanaita wingu. Usiangalie juu. Klaudi ni kompyuta za watu wengine, kubwa, ziko kwenye majengo ya miji mbalimbali duniani, na wewe unakodi nafasi. Kampuni inalipia kwa idadi ya vichwa, kila mwezi, kama kingamuzi.

Kazi yake iko hivi. Kwenye laptopu yangu kumewekwa programu ndogo. Nikitaka kufungua tovuti, ombi langu haliendi moja kwa moja, linapita kwa mlinzi wa klaudi aliye karibu zaidi, siyo Mwanza. Yeye anauliza maswali manne:

Kwanza, wewe ni nani? Neno la siri halitoshi, lazima nithibitishe kwenye simu yangu pia. Hii ndiyo ile tagi ya ubaoni.

Pili, umekuja na chombo gani? Laptopu ambayo haijasasishwa au isiyo ya kampuni inazuiwa mlangoni.

Tatu, unakwenda wapi? Mlinzi ana orodha ya tovuti za kitapeli inayoongezwa kila wakati, na anazitilia shaka tovuti zilizosajiliwa juzi juzi. Matapeli hupenda kufungua ukurasa leo na kuuacha kesho.

Nne, umebeba nini? Faili linaloshuka linakaguliwa kabla halijatua. Linalopanda nalo linatazamwa, nisije nikapeleka orodha ya mishahara mahali pasipohusika.

Na hapa ndipo nilipopenda. Sheria ni moja kwa wote. Fundi anazipanga akiwa Dar, na zinanifuata niwe gesti, niwe kwenye basi, niwe kwa mama. Tena sipewi nyumba nzima. Mimi ni mhasibu, nafungua uhasibu. Zabuni sizioni, na anayeandika zabuni haoni benki. Mwizi akinipora mimi, anapata chumba kimoja tu.

MTIHANI WA PILI

Wiki chache baada ya kufungiwa hiyo kitu nilikuwa Kahama, nimechoka ile mbaya. Ukaja ujumbe wa mzigo uliokwama, bonyeza hapa ulipie. Na kweli tulikuwa na mzigo njiani. Mimi huyo huyo niliyelizwa Septemba, nikabonyeza tena!

Badala ya ukurasa, kikatokea kibao chekundu: umezuiwa, tovuti hii ina hatari. Baada ya dakika mbili fundi akapiga. "Dada, tumeshaanza tena?" Nilicheka kwa aibu, lakini usiku ule nilimkumbuka yule mzee aliyekaa kwenye ngazi. Kumbe somo siyo kwamba mimi ni mjinga. Mtu aliyechoka atabonyeza tu. Kampuni inayotegemea kila mfanyakazi awe macho saa 24 inajidanganya.

MLINZI NAYE ANA MAPENGO

Sasa usikimbilie kusema klaudi ni babu kubwa. Nimekaa nayo, nazijua kasoro zake.

La kwanza, inategemea mtandao. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Siku zile kila kilichotegemea kompyuta za ng'ambo kilijikokota kama trekta. Mlinzi wako akiwa upande wa pili wa waya uliokatika, hana msaada.

La pili, mlinzi mwenyewe anaweza kukuangusha. Julai 19, 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza marekebisho yenye kasoro kupitia huduma yake ya klaudi. Kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zikazimika duniani, ndege zikakaa chini, hospitali zikahangaika. Hakukuwa na mwizi hata mmoja. Sisi tulikuwa tunatumia huduma nyingine, tukaponea hapo, lakini tangu siku hiyo naweka nakala ya orodha ya mishahara kwenye diski ndani ya mkoba.

La tatu, bosi anaona. Mlinzi akipekua mkoba wako ili aone bomu, anaona na barua zako za mapenzi. Ndiyo maana nilimuuliza fundi laivu: mnaona nini, mnakitunza muda gani, nani anakisoma? Usiogope kuuliza. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa zako akwambie anazikusanya kwa nini. Mambo yangu binafsi sasa nayafanyia kwenye simu yangu, kwa bando langu.

La nne ndilo kubwa. Kuna utapeli usio na linki wala virusi. Mwaka huo huo tuliletewa barua pepe fupi tu, maneno matupu: "Habari, malipo yajayo tuma kwenye akaunti hii mpya." Mlinzi wa klaudi akaipitisha, kwani akamate nini? Maneno siyo bomu. Iliyotuokoa ni sheria mpya ya bosi: akaunti ya mtu haibadilishwi mpaka umpigie kwa namba unayoijua tangu zamani, siyo iliyoandikwa kwenye ujumbe. Nikapiga. Yule mzee wa upande wa pili akashangaa: "Mwanangu, sisi hatujabadili akaunti tangu tufungue."

Simu ya shilingi chache ikafanya kazi ambayo mtambo ulishindwa.

NA WEWE USIYE NA KAMPUNI?

Najua kuna anayesoma hapa na kusema yeye ana genge la chipsi tu, klaudi ya kulipia ataitoa wapi. Sikia. Ukaguzi wa majina ya tovuti unapatikana hata bure. Quad9, shirika lisilo la faida lenye makao Uswisi, linatoa huduma hiyo kwa namba 9.9.9.9. Kwenye simu nyingi za Android unaingia mipangilio ya mtandao, unatafuta DNS ya faragha, unaandika dns.quad9.net, kwisha kazi. Haitazuia kila kitu, ila kurasa nyingi za matapeli hazitafunguka.

Weka uthibitisho wa pili kwenye barua pepe yako leo, siyo kesho. Fungua mipangilio uone kama kuna maagizo ya kuhamisha barua ambayo hukuyaweka wewe. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na yule wa "tuma kwenye namba hii", mpeleke 15040 akaongee na wenye mamlaka.

Mafundi wetu walilipwa, lakini kwa kuchelewa wiki mbili na kwa hela ambayo bosi alikopa. Yule mzee alihama kweli Jumapili ile, akalala kwa rafiki yake hadi alipopata chumba kingine. Siku hizi akinikuta Kakola hunitania mbele za watu: "Shikamooni, dada milioni kumi na sita kaja!" Namwitikia na kumnunulia soda. Deni lingine haliishi kwa soda, lakini ndiyo naanzia hapo.

Tukutane wiki ijayo. Kazi njema. Na safari hii nimeandika mwenyewe!